Suramini

Suramini ni dawa ya sindano iliyotengenezwa na kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1916 hivi, na bado hutumika kutibu malale ya aina ya Afrika Mashariki katika hatua ya kwanza. Malale ni ugonjwa wa vimelea uenezwao na mbung'o.

Vimelea vikishaingia ubongoni dawa hii haifai, kwa kuwa ni kidogo mno inayopenya huko. Ndiyo maana inashangaza kuiona leo ikijaribiwa kwa usonji. Robert Naviaux wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, anadai inazima ishara za hatari zinazopitishwa baina ya seli kwa molekuli ya ATP. Panya wenye dalili za usonji na za ugonjwa wa kurithi uitwao Fragile X walipata nafuu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wavulana 5 kati ya 10 wenye usonji walidungwa dozi moja, na dalili zikapungua kwa muda. Idadi hiyo ni ndogo mno, na sumu ya suramini kwa figo inajulikana tangu zamani.