Kaburi la Archimedes

Msomaji, utie mpira katika mkebe ambao mpira huo waenea barabara, ukigusa kitako, kifuniko na ubavu pande zote. Je, mpira umetwaa sehemu gani ya ujazo wa mkebe? Archimedes, Myunani wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, alithibitisha kuwa ni theluthi mbili kamili. Aliuthamini sana ugunduzi huo, hata akawaomba jamaa zake waweke umbo la tufe ndani ya mcheduara juu ya kaburi lake.

Mwaka 212 kabla ya Kristo Warumi waliuteka mji, na askari mmoja akamwua. Miaka 137 baadaye Cicero, ofisa wa Kirumi, aliwauliza wenyeji kaburi liko wapi. Wakakana kabisa kwamba lipo. Akalitafuta mwenyewe, akaona nguzo ndogo ikichomoza katika vichaka vya miiba, nayo ina tufe na mcheduara.

Basi utakapopewa kimo na kipenyo cha mkebe ili utafute ujazo wa mpira uliomo, kumbuka: watu wa mji wake walilisahau kaburi, lakini hesabu yake imekufikia wewe.