Rwenzururu Bila Theluji: Majina na Historia ya Milima Inayopoteza Barafu

Utangulizi

Makala hii inachunguza historia ya Milima ya Rwenzori, iliyopo mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kuyatumia majina kama chanzo cha historia. Hoja kuu ni kwamba masimulizi ya utalii yameifanya barafu ya milima hii kuwa mandhari ya kutazamwa, ilhali lugha ya wenyeji imeihifadhi kama kitambulisho cha watu.

Majina ya wageni, majina ya wenyeji

Henry Morton Stanley aliiona milima hii mwaka 1888, akaitangaza Ulaya kwa jina la Ruwenzori na kuihusisha na Milima ya Mwezi iliyotajwa na Ptolemy. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Savoia, alifika kileleni. Kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, alikiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Cha jirani akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Milima mikuu nayo ikapewa majina ya wasafiri, wakiwamo Stanley, Speke na Baker. Majina hayo yanahifadhi kumbukumbu ya waliopita, wala hayasemi lolote kuhusu mlima wenyewe.

Lukonzo, kwa upande wake, kinasema. Nzururu ni theluji, na Rwenzururu ni mahali pa theluji. Jina hilo ndilo lililobebwa na harakati za Wakonzo za kujitenga na Ufalme wa Toro mwaka 1962, na ndilo jina la ufalme uliotambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009.

Barafu na watalii

Mwaka 1906 barafu ilifunika takribani kilomita za mraba 7. Kufikia mwaka 2003 ilibaki takribani kilomita 1. Wanasayansi wamehitilafiana: wapo wanaosisitiza kupanda kwa joto, na wapo wanaosisitiza kupungua kwa unyevu hewani. Vyovyote iwavyo, kiini cha tatizo si viatu vya wapanda mlima. Hata hivyo, viatu hivyo vina athari zake: katika kinamasi cha Bigo, njia ziligeuka matope mazito hata ikabidi zijengwe njia za mbao.

Aidha, tahadhari inahitajika tunapodai kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Mto Mubuku hutegemea zaidi mvua. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Hasara iko kwingine. Tangu hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1991, na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, Wakonzo waliokuwa wakiwinda na kukusanya mazao ya msitu huingia humo zaidi kama wapagazi na waongozaji. Riziki hiyo imefungamanishwa na kilele cheupe. Mgeni anayekuja kuiona barafu kabla haijatoweka ataweza kwenda kwingine itakapotoweka. Mpagazi hana kwingine.

Hitimisho

Barafu ikiisha, Margherita litabaki kuwa jina la malkia. Rwenzururu litakuwa jina la kitu kisichokuwapo, na watoto watahitaji kufafanuliwa maana yake. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba vitabu vya Kiswahili vya historia na miongozo ya watalii vitumie majina ya wenyeji pamoja na maana zake, na kwamba masimulizi ya wazee walioiona theluji ikiwa pana yakusanywe sasa, wakiwa bado hai.