Wahamiaji Wanaopita Kilimanjaro: Sheria ya Nchi na Mafundisho ya Kanisa

Kata ya Soweto, mjini Moshi, ina jina moja na kitongoji kikubwa cha Johannesburg, Afrika ya Kusini. Kati ya Soweto hizi mbili ipo njia ambayo vijana wengi wa Ethiopia huifuata, hasa kutoka maeneo ya Hadiya na Kembata, kusini mwa nchi hiyo. Huvuka Moyale na kuingia Kenya, hufika Taveta au Loitokitok, kisha huingia mkoani kwetu kwa njia za panya, pembezoni mwa vituo vya Holili na Tarakea. Kutoka hapo husafirishwa kwa siri kuelekea Malawi, Msumbiji au Zambia.

Tutofautishe maneno. Mkimbizi hukimbia mateso au vita, na hulindwa na Mkataba wa Geneva wa 1951 pamoja na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Mhamiaji huondoka kutafuta kazi na maisha bora. Aliyesafirishwa kwa hila au nguvu ili anyonywe ni mwathirika, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inalenga kumlinda. Katika maisha halisi mipaka hii huvurugika: kijana aliyeondoka kwao kwa hiari aweza kufungiwa ndani njiani hadi nduguze watume fedha zaidi. Afisa anayemkuta usiku wa manane, wasielewane hata neno moja, atamweka katika kundi gani?

Gharama ya safari hii twaijua. Mwezi Juni 2012, maiti za Waethiopia zaidi ya 40 zilikutwa zimetupwa porini wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, wengine 64 walikufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Hata mwisho wa safari si salama: Januari 2015, maduka ya wageni yaliporwa katika Soweto ile ya Afrika ya Kusini.

Serikali nayo ina mzigo wake. Aingiaye bila kibali hushtakiwa chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Tatizo kubwa huja baada ya kifungo, kwa maana wapo waliomaliza adhabu wakabaki gerezani kwa kukosa nauli ya kurudi kwao. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) limesaidia wengi kurejea. Si wengi wetu wanaofahamu kwamba shirika hilo lina kituo cha mafunzo kwa maafisa wa Afrika hapa hapa Moshi, tangu 2009, katika chuo cha uhamiaji cha kikanda.

Mama Kanisa amelitafakari jambo hili muda mrefu. Papa Pio XII, katika waraka Exsul Familia wa 1952, aliitazama Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa kila familia ya wakimbizi. Katekisimu, namba 2241, inazitaka nchi zenye uwezo kumpokea mgeni kadiri ziwezavyo. Yakubali kwamba mamlaka yaweza kuweka masharti ya kisheria, na yamtaka mhamiaji aheshimu sheria za nchi anayofikia. Papa Fransisko, kwa mwaka 2018, aliweka vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kuendeleza na kushirikisha.

Hapa lazima tuseme wazi. Wapo miongoni mwetu wanaolipwa kuwaficha vijana hawa migombani au kuwabeba kwa pikipiki hadi Himo. Huo si ukarimu wa Kikristo. Ni biashara inayomtoza mwenye shida na kumkabidhi kwa lori linalofuata. Kumpa mgeni maji na chakula mchana kweupe, kumfikisha zahanati akiwa mgonjwa, na kumjulisha mwenyekiti wa mtaa, ni jambo jingine kabisa. Nasi tulio na watoto Ulaya, Marekani na Uarabuni tungependa watendewe hivyo.

Kanisa huadhimisha Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, tangu 2019, kwa kawaida Dominika ya mwisho ya Septemba. Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kuitumia kuwatembelea wafungwa wageni, wasio na ndugu wa kuwaletea hata sabuni.