Mawese, sabuni na magaga: historia ya mafuta ya ngozi Masisi

Kiganja cha mkono na unyayo wa mguu havina tezi za mafuta. Uso hujipaka wenyewe, hata kupita kiasi. Kiganja na unyayo husubiri kupakwa. Kwa hiyo kiangazi kikiingia Karuba, kuanzia mwezi wa sita, wa kwanza kulalamika ni kisigino. Kijiji kiko milimani Masisi, Kivu Kaskazini huko Kongo, juu ya Sake na si mbali na Mushaki. Hewa ya huko ni baridi, na hewa baridi haibebi unyevu mwingi. Anayelima viazi na maharage akikanyaga vumbi asubuhi hadi jioni hupata magaga hata akiwa kijana, na mengine hupasuka mpaka damu.

Kabla ya maduka, dawa ya mlimani ilikuwa siagi. Kwa wafugaji wenye asili ya Rwanda, siagi ya ng'ombe ilikuwa ya kujipakaa sawasawa na ilivyokuwa ya kula. Maziwa yaligandishwa, yakasukwa katika kibuyu kikubwa wanachokiita igisabo, kisha siagi ikatengwa na, kwa wenye uwezo, ikatiwa manukato ya mimea. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji waliendesha mpango uliojulikana kwa herufi MIB, wa kuhamishia Masisi familia kutoka Rwanda, na desturi hiyo ikazidi kupata watu.

Bondeni mambo yalikuwa tofauti. Ukishuka kuelekea msitu wa Walikale, ng'ombe hutoweka na michikichi huanza. Huko walipakaa mawese, au mafuta ya kokwa zake yanayopatikana kwa kuzikaanga, yale ambayo watu wa Kigoma huyaita mise. Mawese yana kasoro yake: hutia rangi nguo, na mtu mwenye shati moja jeupe hayapendi. Mafuta ya kokwa hayana tabu hiyo, ila harufu yake ya moshi hukutangulia barazani.

Halafu likaja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha historia hii. Aprili 1911 William Lever, mwenye viwanda vya sabuni Uingereza, alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 za michikichi katika koloni la Kongo. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge, na kituo cha Lusanga, mbali huko magharibi, kikapewa jina la Leverville. Wachumaji wengi hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, na kazi ya kulazimishwa ya mawese ilikuwa miongoni mwa sababu. Uasi ukazimwa kwa risasi. Lever mwenyewe alikuwa ameshafariki, 1925, na kampuni yake ilikuwa imeungana na ya Kiholanzi na kuwa Unilever.

Mafuta yaliyokuwa yakilainisha ngozi sasa yalisafirishwa yakawe sabuni. Na sabuni, tusisahau, ndiyo adui wa kisigino. Mafuta yakichemshwa na magadi makali hutoa vitu viwili: sabuni, na gliserini, kile kimiminika kitamu kizito ambacho mkemia wa Uswidi Carl Wilhelm Scheele alikigundua mwaka 1779. Gliserini huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Fundi anayepika sabuni nyumbani kwa mawese na majivu huiacha ndani ya sabuni yake, kwa kuwa hana namna ya kuitoa. (Akikosea kipimo cha majivu, sabuni yake itakuchoma; ya kienyeji si salama kwa sababu tu ni ya kienyeji.) Kiwanda kikubwa hutia chumvi, sabuni ikaelea, gliserini ikabaki chini, kisha ikauzwa peke yake kwa bei nzuri zaidi. Wateja wake hawakuwa wenye mikono mikavu tu. Tangu Alfred Nobel asajili mwaka 1867 baruti yake ya dinamiti, itokanayo na gliserini, gliserini ilikuwa mali ya vita, na katika Vita Kuu ya Kwanza serikali za Ulaya ziliigombea.

Kwa hiyo mche wa dukani ulifika kijijini ukiwa umeondolewa dawa yake. Ulisafisha vizuri, hilo hatulikatai. Ila uliondoa pia utando mdogo wa mafuta ambao ngozi inao, na aliyenawa akabaki na mikono inayokwaruza kama jani la msasa.

Dawa ya dukani ilitoka kwingine kabisa. Mwaka 1859 kijana Robert Chesebrough alikwenda Titusville, Pennsylvania, kwenye visima vipya vya petroli, akawaona wafanyakazi wakijipaka kwenye majeraha nta nyeusi iliyoganda kwenye vyuma vya pampu. Aliisafisha kwa miaka, akapata hati miliki mwaka 1872 na kuiita Vaseline. Inasimuliwa kwamba alikula kijiko chake kila siku. Aliishi miaka 96, lakini msiige. Vaseline hailishi ngozi wala haileti maji. Kazi yake ni kufunika tu, maji yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana anayeipaka kwenye kisigino kikavu hulalamika kwamba haifanyi kitu: ipakwe mguu ukiwa bado na umajimaji, mara baada ya kuoga, na soksi ivaliwe juu yake usiku.

Mwaka 1987 kampuni ya Chesebrough ilinunuliwa na Unilever. Aliyeuza sabuni akawa pia muuza dawa ya ukavu. Mwaka 2009 Unilever iliuza mashamba yake ya michikichi ya Kongo. Vaseline ilibaki nayo.

Siagi nayo ilikuwa imepata misukosuko. Masisi ikajulikana kwa jibini, na maziwa yanayokwenda kwenye jibini hayarudi kuwa siagi. Kisha Machi 1993 mapigano yakaanza Ntoto, Walikale, yakapanda Masisi, na katika miaka iliyofuata ng'ombe wengi sana wakaporwa au kuchinjwa. Pasipo ng'ombe, pomadi ya kopo haikuwa na mshindani mlimani.

Ebola ilirudisha habari ya mikono kwa nguvu mpya. Mlipuko uliotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020; Agosti 2019 ulifika hata Pinga, upande wa Walikale. Kwenye vizuizi vya barabara kulikuwa na ndoo za maji ya klorini, asilimia 0.05 kwa mikono, na asiyenawa hakupita. Klorini nayo hukausha ngozi. Dawa ya kusugua mikono ya hospitalini, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, hutiwa gliserini asilimia 1.45 makusudi ili ngozi ya muuguzi isipasuke, kwani ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu. Ndoo ya barabarani haikuwa na kitu hicho, na mwenye kupita vizuizi vitatu kwenda sokoni alilazimika kujitafutia mafuta mwenyewe akifika nyumbani.