Punje, kiganja na zilipendwa

Sokoni Kibaigwa, dalali wa mahindi akingoja lori lishushe magunia hutoa kitochi mfukoni na kuanza kumlisha nyoka. Taneli Armanto aliitunga gemu hiyo Ufini kwa ajili ya simu ya Nokia 6110, mwaka 1997. Hakuna aliyetuuliza tuiite nini. Tukaiita nyoka, basi, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho: anakula, anarefuka, anajiuma, anakufa.

Leo wapo watu wanaotunga gemu mpya kwa mtindo ule ule, ndogo, za kushika, kila mtu kwa nguvu zake. Majina ya kazi yao kwetu hayajatulia. Tuyapime, mimi nawe msomaji, kama gunia linavyopimwa hapa: moja moja, juu ya mizani.

Nianze na kitochi, maana kinatupa moyo. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ya 1100 yenye tochi kichwani. Usiku usio na umeme, tochi ile ilikuwa na thamani kama simu yenyewe. Ikawa simu ya tochi, kisha kitochi, na sasa hata simu ya batani isiyo na tochi ni kitochi. Wengine husema kiswaswadu. Majina hayo hayakupitia kikao chochote.

Mchezo ni neno letu la asili, ila limebeba mizigo mingi: mpira, ngoma, maigizo, hata fedha wanazochangishana akina mama kwa zamu. Ukisema "nipo kwenye mchezo" hapa Kibaigwa, wengi watadhani umepokea zamu yako. "Mchezo wa video" haumsaidii mtu, kwa sababu video kwetu ni banda la kutazamia filamu.

Gemu tumeikopa kwa Waingereza, tukaipa irabu ya mwisho, ikaingia ngeli moja na nyumba na nguo: gemu hii, gemu hizi. Neno lililokubali upatanisho limeshakuwa mwenyeji. Libaki. Ninachokikataa ni "kigemu". Ki- ya kitochi ni ya mapenzi; ki- ya kigemu ni ya dharau, na mtu hatoi shilingi yake kwa kitu alichokwisha kukidharau.

Ya kushika je? Kishikwambi kilifahamika kwa wengi wakati wa Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita navyo nyumba kwa nyumba. Lakini hicho ni kipana, ni cha kazi. Mkono nao ni mrefu, unaanzia begani. Nachagua kiganja. Mnunuzi wa mahindi huchota machache akayamwaga kiganjani, akayatazama, akang'ata moja kujua kama yamekauka. Kiganja ni mahali pa kukagua kitu kwa karibu. Gemu ya kiganjani.

Penye ugumu ni jina la mtindo. "Ya zamani" si kweli, kwa kuwa gemu imetungwa mwaka huu. "Ya kizamani" ni sahihi kisarufi, ki- ikieleza namna, kama katika kifalme. Lakini sikio linasikia tusi: nguo za kizamani, mawazo ya kizamani. "Ya kale" inatupeleka kwenye magofu ya Kilwa.

Kumbe jina lilikuwa redioni siku zote. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu tunaziita zilipendwa. Litazame neno hili lilivyojengwa. Ni kitenzi kizima kilichogeuka jina: kina kiambishi cha nyimbo, kina wakati uliopita, kina kauli ya kutendwa. Halihesabu miaka ya wimbo. Linataja walichoufanyia watu. Na ile zi- inayopatana na nyimbo inapatana na gemu pia, bila kubadili hata herufi.

Basi nyoka wa 1997, na Tetris ya 1989 ya kifaa cha kiganjani kiitwacho Game Boy, ni gemu zilipendwa. Zinazotungwa leo kwa mtindo huo ziwe gemu za kizilipendwa. Najua ki- ikipanda juu ya zi- ulimi hujikwaa. Litamke mara tatu, litalainika.

Sasa pikseli, vile viraba vidogo vinavyounda picha kwenye kioo. Kioo cha Game Boy kilikuwa nazo 160 kwa 144, yaani 23,040. Neno hili linahusu picha lakini halichori picha yoyote kichwani. Nukta ni ya duara, na kazi yake ni kufunga sentensi. Chembe ni ndogo mno. Punje inaonekana, inahesabika, inashikika kwa vidole viwili. Menya hindi bichi uone punje zilivyobanana, safu kwa safu: kioo cha Game Boy ukikisogelea ndivyo kilivyo. Gemu kubwa za siku hizi zimezisaga punje zake hadi zikawa sembe, huoni tena kilichotoka shambani. Gemu ya kizilipendwa inaziacha nzima. Kwa neno hili niko tayari kubishana na yeyote.

Anayezipanga punje hizo, tafsiri za kwenye simu humwita msanidi. Lakini simu hiyo hiyo inakuambia wewe mtumiaji "sanidi", nawe hujabuni kitu. Mimi nasema mtunzi. Kutunga ni kupitisha shanga kwenye uzi, moja baada ya nyingine, nayo ndiyo kazi. Lucas Pope alipotunga Mars After Midnight ya kifaa kiitwacho Playdate, iliyotoka 2024, alikuwa na nyeusi na nyeupe tu, punje 400 kwa 240.

"Mtunzi huru" ananifanya niulize katoka gereza gani. Tunaye wakili wa kujitegemea, tunaye mwandishi wa kujitegemea, na tangu Azimio la Arusha la 1967 neno hilo linanukia jembe na jasho. Wesley Kirinya wa Kenya, aliyetoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, ni mtunzi wa kujitegemea.

Nasi tumfanyie nini mtunzi huyo? "Kuunga mkono" ni lugha ya mkutano wa hadhara: unanyoosha mkono, unarudi nyumbani na mfuko ule ule. Kwenye ngoma na taarabu, aliyefurahi huinuka, akamwendea mwimbaji, akampa noti. Huko ni kumtunza. Kitenzi hicho hicho hutunza mtoto, hutunza ghala. Mtunzi katokana na tunga, g ikageuka z. Tunza ina njia yake. Sikioni zimekutana, na mimi nafurahi zimekutana. Anayelipia gemu badala ya kurushiwa bure na mwenzake amemtunza mtunzi.

Ukiwa na neno zuri kuliko kizilipendwa, lilete, nitalipokea. Punje na mtunzi, hayo siyarudishi.