‘Mbesa’ ya Muthetheni na jangwa la Kutch

MTOTO anayetumwa sokoni Muthetheni, kule Mwala, Machakos, hupewa ‘mbesa’ aende ‘nduka’. Muulize maneno hayo ni ya nani, atakujibu bila kusita: ni ya Kikamba. Hajakosea. Ila kabla ya kuwa ya Kikamba yalikuwa ya Kiswahili, na kabla ya hapo yalivuka bahari.

‘Pesa’ imetokana na ‘paisa’, sarafu ya Bara Hindi. ‘Duka’ asili yake ni Kiarabu, lakini waliolieneza bara ni wafanyabiashara Wahindi. Wengi wa wale waliotangulia Unguja walitoka Kutch, eneo kame la jimbo la Gujarat lenye jangwa la chumvi liitwalo Rann. Masika ikinyesha, jangwa hilo hufurika; maji yakikauka, ardhi hubaki nyeupe pe! Ndiyo maana mwaka mpya wa Wakachi, Ashadhi Bij, huadhimishwa mwezi Juni au Julai, mvua inapotarajiwa. Mkamba ambaye wazee wake walicheza kilumi na kutambika kwenye ithembo wakiomba mvua hahitaji kufafanuliwa sherehe hiyo.

Kutoka bandari za Mandvi na Mundra, majahazi yalifuata pepo za msimu hadi pwani yetu. Katika karne ya 19, kampuni ya Jairam Shivji, Mkachi wa Mundra, ilikusanya ushuru wa forodha wa Unguja. Naye Alidina Visram, mzaliwa wa Kera aliyefika mwaka 1863 akiwa mvulana, alifungua maduka kutoka Bagamoyo hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Wakamba nao walikuwa wakishusha pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo. Penye biashara, maneno hayasubiri kualikwa: gari, laki, bima, cheti, gunia.

Safari haikuwa ya upande mmoja. Wasidi wa Gujarat, wenye asili ya Afrika, hadi leo huicheza ‘goma’ katika sherehe za kumuenzi walii wao, Bava Gor. Hiyo ‘goma’ ni ngoma yetu hii hii!

Sasa tujiulize: Kikachi chenyewe ki wapi? Ni ndugu wa Kisindhi. Kisindhi kiliingizwa katika orodha ya lugha za Katiba ya India mwaka 1967. Kikachi hakimo mpaka leo, na aghalabu huandikwa kwa hati ya Kigujarati. Huku kwetu kilichanganyika na Kiswahili katika nyumba za Waismaili, ikazuka lugha ambayo wanaisimu huiita Kikachi-Kiswahili. Wengi wetu tukiisikia hucheka, ati ni ‘Kiswahili cha Muhindi’, kibovu.

Kicheko hicho kina gharama. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44. Kutambua watu huku tukiidhihaki lugha ya nyumbani kwao ni kutoa kwa mkono wa kulia na kupokonya kwa wa kushoto. Mjukuu anayechekwa huhamia Kiingereza, kama anavyohama mtoto wa Muthetheni anayekatazwa Kikamba shuleni.

Basi, mwalimu, siku ukifundisha maneno ya mkopo, usiishie kuandika ‘Kihindi’ ubaoni. Waambie wanafunzi ni Wahindi gani, walitoka wapi, na walikuja kutafuta nini.