Miaka ya Uanagenzi na Hati ya Fundi

Reli ya Mpanda, iliyochepuka Kaliua na kufika mwisho wake mwaka 1950 baada ya kukata miyombo kwa kilomita 210 hivi, haikujengwa kwa ajili ya abiria bali kwa madini ya risasi ya Mukwamba. Na machimbo hayo, kama machimbo yote, hayakutaka wachimbaji peke yao, bali yalitaka pia seremala, fundi wa injini na mfua chuma, kila mmoja na kijana wa kumshikia vyombo. Yalipofungwa mwaka 1960, kijana wa namna hiyo alibaki na ujuzi mikononi, asiwe na hati ya kuuthibitisha.

Si kwamba sheria haikuwako. Sheria ya Uanagenzi ilitungwa tangu mwaka 1940. Lakini ilimtazama mwanagenzi aliyefungwa kwa mkataba na tajiri wake, ilhali wengi wetu, hata leo katika mkoa wa Katavi, iliko Mpanda, tumejifunza kwa kumfuata mjomba na msumeno wake, wala hakuna aliyetia saini.

Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1974, na mitihani ya ufundi ya gredi tatu, ya tatu ikiwa ya chini na ya kwanza ya juu, ilileta insafu kwa kiasi chake, maana mtahiniwa alipewa ubao na patasi, akaambiwa aunge. Ama karatasi ya maswali, kwa asiyezoea kalamu, ilikuwa nzito kuliko nyundo. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuja baadaye na urasimishaji wa ujuzi: mtathmini humtazama fundi akifanya kazi, humhoji kwa mdomo, na panapoonekana upungufu hufundishwa kile anachokikosa tu, kisha hutunukiwa cheti.

Kwa umeme mambo ni magumu zaidi, na kwa maoni yangu ni haki yawe hivyo, kwani waya uliofungwa vibaya huunguza nyumba ya watu. Leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, nayo humdai mwombaji cheti pamoja na uzoefu wa kazi. Hapo ndipo swali la ushahidi linaporudi: bwana akifariki, nani atamshuhudia kijana aliyemtumikia miaka saba? Laiti mafundi wa Mpanda wangeweka daftari tangu siku ya kwanza, bwana na mwanagenzi wakatia saini kila mwezi, na afisa mtendaji wa kata akagonga muhuri.